Bata Waliokataa Mluzi

Kijijini kwetu, baridi ikishaingia, watu hugombana kwa kunong'ona. Mgeni akipita atadhani wanasali, kumbe mtu anaambiwa kwamba mama yake aliiba kuku. Ukitaka kumtukana jirani sawasawa, lazima kwanza umsogelee, umshike bega, umpelekee mdomo sikioni. Ukishafika karibu hivyo unaona macho yake mekundu, unamuuliza kama kifua kimepona, na ugomvi unaishia hapo. Ndiyo maana talaka zetu nyingi hutolewa wakati wa joto.

Haya yote ni kwa ajili ya mtego. Tukishavuna mpunga tunayajaza mashamba maji, na ndege wanaokimbia barafu za kaskazini wanashuka humo kula punje zilizobaki. Uwanja wenyewe wa mtego uko nyuma ya nyumba ya mwisho: maji mapana kama ziwa, yamezungukwa na ukuta wa matete mrefu kuliko mwanamume, na nje ya matete kuna miti. Bunduki haiingii. Wanaume wanajibanza katika kibanda kilichofichwa ndani ya matete, wanawaachilia bata wao wa kufugwa, tunawaita bata chambo, wakaogelee pamoja na bata mwitu. Kisha mwenye bata anapiga mluzi mwembamba, bata wake wanageuka kurudi kwenye mfereji wenye mpunga, chini ya wavu, na wageni wanawafuata kama watu waliosikia harufu ya pilau. Kamba inavutwa, wavu unaanguka. Lakini mlio mmoja wa bunduki, ngoma moja ya arusi, na ndege wote wanahamia mtego wa kijiji cha pili, watu ambao, Mungu anisamehe, hawastahili hata kunguru.

Basi tangu majani yanapopukutika mpaka karibu na Nairuzi, mwaka mpya wetu baridi inapoisha, hakuna arusi. Pikipiki inazimwa darajani na kusukumwa kwa mkono. Mbwa anayebweka hupelekwa kwa shangazi wa mbali.

Na batamaji, wale wakubwa wa shingo ndefu, hatuwagusi. Hao ndio wenye nyumba. Bata mwitu akiwa juu huko anachungulia kwanza: akiwaona batamaji wametulia, weupe pee, shingo zimekunjwa, anajua pana amani, anashuka. Batamaji wakiondoka, hata umwage gunia zima la mpunga, hashuki mtu.

Ndani ya kijiji hicho kaka yangu Esfandiyar akatuletea mke kutoka milimani.

Kwao ni kondoo na mabonde. Huko mtu humwita mwenzake wa mlima wa pili aje kula, na mwenzake hufika chakula kikiwa bado cha moto. Golandam alikuwa binti wa mchungaji, na sauti yake ilikuwa chombo cha kazi, kama shoka. Siku alipoletwa, katikati ya kiangazi, alisimama mlangoni akatoa salamu kwa adabu zote, na mama akaangusha sinia la bilauri.

"Huyu," mama aliniambia jikoni, akiokota vigae, "tutamfanyaje baridi ikifika?"

"Tutamziba mdomo kwa unga, mama."

Hatukumziba. Alijizuia mwenyewe, na haikuwa kazi ndogo. Mara nyingine alikuwa akiingia chumbani, anajifunika blanketi, anatia uso ndani ya mto na kupiga ukelele mmoja, kisha anatoka mashavu mekundu, ametulia, anaendelea kukaanga vitunguu. Baba yake alifariki katikati ya majira ya ndege. Habari ilipotufikia hakulia. Alivaa viatu, akatembea mpaka ng'ambo ya daraja, akapita kituo cha mafuta, akaendelea mpaka njia panda ambako malori yanapiga honi. Hapo ndipo alipomlilia baba yake. Nilikuwa nimemfuata nyuma na koti lake. Tangu siku ile sikumtania tena kuhusu sauti. Nilimtania kuhusu mambo mengine.

Na yalikuwapo. Wifi yangu huyu alikuwa mtu wa kuuliza. Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa kunyonyoa. Bata wanaletwa wamekufa, tunakaa barazani tumezunguka beseni la maji ya moto, manyoya mpaka puani. Mtegoni hatuingii. Hakuna aliyetukataza kwa maneno, wala hakuna aliyeomba. Tangu tunazaliwa tunawasikia batamaji, sauti zao za tarumbeta zikivuka ukuta wa matete kila asubuhi, na tunawaona wakipita juu ya mapaa. Lakini kuwaona majini, wametua, wanafanya mambo yao, mwanamke hakuna. Mimi niliyezaliwa hapa sikuona ajabu. Yeye aliona.

"Wifi, wanalala wapi, majini au nchi kavu?"

"Nitajuaje mimi?"

"Wakilala majini miguu haigandi?"

"Muulize mumeo."

"Nimemuuliza. Anasema ni ndege tu."

"Basi ni ndege tu."

"Wewe wifi Nosrat, umekaa pembeni ya ukuta huu maisha yako yote, na hujawahi kutoboa hata tundu la sindano?"

"Nikiyatoboa matete, Mashdi atanitoboa mimi."

Mashdi Zolfaqar ndiye mkubwa wa mtego. Tunamwita Mashdi kwa sababu alikwenda ziara Mashhad, kwenye kaburi la Imamu, na wenye maneno husema hata huko aliomba kwa ishara. Ni mzee mkavu, mwenye hatua za paka. Sijui kama amewahi kupiga chafya.

Mwaka ninaousimulia, kaka yangu alipata kazi ya kiangazi mjini, kupiga lipu nyumba za watu. Vifaranga wa bata chambo alimwachia mkewe. "Wape mpunga asubuhi na jioni, basi," akamwambia, akapanda gari.

Sasa, bata hawa hawazaliwi na akili. Wanafundishwa tangu wana manyoya ya manjano: mluzi, mpunga; mluzi, mpunga; mpaka mluzi na tumbo vinakuwa kitu kimoja. Golandam alijua kusuka zulia, kunyoa kondoo na kuzalisha mbuzi. Mluzi hakujua, na kwao mwanamke kupiga mluzi ni aibu. Kwa hiyo akafanya kama alivyofanya kwa kondoo wa baba yake. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaita:

"Huuuui-yaaa! Haya hayaaa!"

Kiangazi hakuna wa kumkataza. Vifaranga wakatoka mferejini, shambani, chini ya trekta la jirani, wanakuja mbio huku wanaanguka. Tulicheka sana. Kila asubuhi na kila jioni tulisikia ukelele ule, tukacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba wale bata wako shuleni, na somo lao ndilo lile.

Majani yakapukutika. Kaka akarudi, akawatia bata kwenye kapu, akawapeleka mtegoni kwa fahari, maana walikuwa wamenenepa. Mchana akarudi uso umemshuka.

"Hawakuja," akasema.

"Nani?"

"Bata! Nimepiga mluzi mpaka midomo imekauka. Wananitazama tu! Wanakwenda kula na bata mwitu huko katikati kama vile sijawahi kuwalipia hata punje. Mashdi ananiuliza sikioni, 'Esfandiyar, hawa wako wamekuja kutembea?'"

Jioni bata wakarudi nyumbani wenyewe, kwa miguu, wakipiga soga. Kaka akawapigia mluzi pale uani. Wakainua vichwa, wakamtazama, wakarudi kwenye tope lao. Golandam akatoka jikoni na beseni, akafungua mdomo, akakumbuka ni majira gani, akaufunga. Lakini bata walikuwa wameshauona. Kundi zima likamkimbilia na kumzonga miguuni.

Kaka yangu akatazama bata, akamtazama mkewe.

"Kiangazi ulikuwa unawaitaje?"

Akamwonyesha kwa kunong'ona: "Huui-ya."

Esfandiyar akakaa kitako kwenye ngazi. "Ewe Mola. Mwanamke huyu amenifundishia bata kuja kwa ukelele."

Mama akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akacheka mpaka akatoka machozi. Hakucheka muda mrefu. Kila nyumba yenye nafasi kibandani lazima iwe na bata wanaosikia. Nyumba isiyo nao inampisha mwingine, na ikishampisha hairudi. Nafasi yetu ilikuwa ya baba, na kabla yake ya babu. Na Heshmat, mwoka mikate, alikuwa na kundi lake limefunzwa vizuri na alikuwa anasubiri, huku anatupa pole kila tunapokwenda kununua mkate. Mashdi akatoa muda mpaka Ijumaa.

Tulijaribu kila kitu. Kaka aliiga ukelele wa mkewe kwa sauti ya chini, kitambaa mdomoni. Bata mmoja akalala. Akajaribu mluzi na mpunga, mluzi na mpunga, lakini somo la kiangazi kizima halifutiki kwa siku chache. Juu ya hayo, kwa kushinda uani kwenye baridi, akashikwa na kikohozi, na mwenye kikohozi haruhusiwi hata kuyakaribia matete.

Alhamisi Mashdi akaja. Alikaa, akashika sukari ya donge mdomoni, akanywa chai yake, na sote tukajua amekuja kusema nini. Golandam akamwongezea chai, lakini hakuondoka.

"Mashdi, nipeleke mimi."

"Astaghafirullah," mama akasema.

"Nikupeleke wapi?" Mashdi akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Mtegoni. Nikawaite."

"Kwa sauti hiyo yako?"

"Sina nyingine."

"Binti yangu, nimekaa kibandani tangu sina ndevu. Sijasikia mtu akipaza sauti mle, wala baba yangu hakusikia. Batamaji wakiruka, si nyumba hii tu. Kijiji kizima kitakula wali na kitunguu saumu mpaka Nairuzi."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui nini?"

"Kama wataruka. Ikiwa hakuna aliyewahi kupaza sauti, basi hakuna anayejua."

Mashdi akaweka bilauri chini. Nilingojea hasira. Lakini macho yake yalikwenda pembeni, yakakaa huko, kama ya mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Nikaelewa. Mzee alitaka kujua.

"Na wakiruka?"

"Wakiruka, nafasi mpe Heshmat, na mimi nitarudi kwetu milimani, mpumzike masikio."

"Golandam!" kaka akasema, akakohoa.

"Nyamaza wewe, una kifua."

Mashdi akasimama, akavaa kofia yake. "Kesho Ijumaa. Wenzangu nitawaambia wapumzike. Lakini huwezi kukaa kibandani na mwanamume asiye maharimu wako, na mumeo ni kikohozi kitupu. Utakuja na Nosrat, kama anaweza kuufunga huo mdomo."

"Mdomo wangu una mlango, Mashdi," nikamwambia.

"Mlango ninaujua. Kufuli ndiyo sijaiona."

Asubuhi tukavaa makoti ya wanaume, ya sufi, rangi ya udongo. Bangili tulivua. Mashdi alitangulia na kopo la mavi makavu ya ng'ombe yanayofuka, ili ndege wasinuse binadamu, na kapu la bata likawa mgongoni kwangu, maana mlinzi wa heshima za watu ndiye pia punda. Njia imepindapinda ndani ya matete, unatembea umeinama. Na kila tulipopinda, kelele ziliongezeka. Kwa nje, sauti za batamaji ni tarumbeta ya mbali. Ndani, ni kama umeingia chini ya tarumbeta yenyewe.

Kibandani mna matundu ukutani, yamezibwa kwa vishada vya nyasi. Mashdi akazibua moja, akamsogeza Golandam. Kisha akanizibulia na mimi.

Nilidhani nitaona weupe tu. Nimeona magodoro mangapi yameanikwa! Lakini walikuwa karibu mno, hata niliona matone yakidondoka kwenye midomo yao, manjano huku nyuma, myeusi kwenye ncha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na wao wanatokeza kutoka ndani yake shingo kwanza. Wengine walikuwa wamelala, kichwa ndani ya bawa, wanazunguka polepole kwa upepo. Mmoja alikuwa ameutoa mguu majini na kuulaza mgongoni kama mtu aliyetundika kiatu.

"Wifi," Golandam akaninong'oneza, "ndivyo wanavyofanya miguu isigande. Wanabadilisha."

Mwingine, jike au dume sijui, alikuwa anakanyagakanyaga matope kwa miguu yote miwili, mwili mzima unatikisika kama mtu anayefua mablanketi, na nyuma yake watatu wa kijivu wanaokota punje zinazoibuka.

"Mashdi, mbona wale wachafu?"

"Si wachafu. Watoto wa mwaka huu. Weupe unakuja na ukubwa."

"Na yule anayetikisa kichwa juu chini?"

"Anataka kuruka. Anawauliza wenzake. Wakikubali wanatikisa wote, kisha wanaondoka. Ukiona vichwa vinatikisika, ujue tumekwisha."

"Na wenzake wakikataa?"

Mashdi akafikiri. "Anabaki. Huwa ananuna kidogo."

"Mke wake ni yupi?"

"Binti, umekuja kuita bata au kuwaposa hawa?"

Lakini alimjibu, akamwonyesha mke. Akamwonyesha pia mzee mmoja mwenye shingo nene ambaye akipita wengine wanasogea, na jamaa moja yenye watoto wengi inayopata mahali pazuri kuliko wasio na watoto, na mjane anayekaa pembeni na bata bukini. Mzee aliyekuwa hatoi neno, mnong'ono wake sasa haukati. Maisha yake yote amekaa kibandani na wanaume wanaotazama bata mwitu, yaani nyama. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za batamaji, na kumbe alikuwa nazo tele.

Kisha akakumbuka kazi. Akafungua kapu, bata wetu wakateremka mferejini na kutoka uwanjani, kwa raha zao, wakaenda kuchanganyika na bata mwitu.

"Haya. Ita."

"Bado," Golandam akasema. Jicho lake halikutoka tunduni.

"Wanatawanyika."

"Bado, Mashdi. Ninasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Wao. Mbona mara wanapiga kelele wote, mara wananyamaza? Wifi, sisi kule tunasukuma pikipiki, na hawa humu wana arusi!"

"Kelele yao wameizoea," nikasema.

"Ndiyo hiyo ninayoitafuta."

Tukangoja. Miguu yangu iliingia baridi, nikaanza kumwelewa yule wa mguu mgongoni. Bata wetu walifika mbali sana, vitone tu. Mashdi alikuwa anashika kamba ya wavu, anaiachia, anaishika. Nikaanza kumfikiria Heshmat na pole zake. Nikamfikiria na wifi yangu, anafunga mizigo yake.

Ndipo juu, ng'ambo ya miti, ikasikika sauti moja. Jamaa ya batamaji, wazazi na watoto, inakuja kutoka kaskazini, imechelewa. Wa majini wakainua shingo. Wa angani wakaita, wa majini wakaitika. Wale wageni walipoteremka, miguu imetangulizwa mbele, maji yanapasuka, uwanja mzima ukalipuka. Walifungua mabawa nusu, wanasogeleana vifua, wanapiga tarumbeta wawili wawili, huyu akimaliza mwenzake anadaka. Huwezi kusikia hata mawazo yako.

Golandam akavuta pumzi. Nilihisi koti lake likijaa.

"HUUUUI-YAAA! HAYA HAYAAAAA!"

Matete yalitetemeka. Masikio yangu yalifungwa. Kule mbali vitone vikageuka vyote kwa pamoja, vikaanza kuja, mabawa yanapiga maji, na nyuma yao bata mwitu, mstari baada ya mstari, bila kuuliza.

Lakini pumzi za milimani ni ndefu. Batamaji walimaliza salamu zao kabla yake. Ile "hayaaaa" ya mwisho ikabaki peke yake juu ya maji, uchi, mpaka ikafa.

Shingo zote zikanyooka. Wote wametazama matete. Kimya kikawa kikubwa kiasi kwamba nilisikia moshi wa mavi ya ng'ombe ukifuka. Kisha yule aliyekuwa karibu nasi akatikisa kichwa. Juu, chini. Jirani yake akatikisa. Na wa tatu.

Sikumtazama Mashdi. Nilimtazama wifi yangu. Hakuwa na hofu hata kidogo. Macho yalikuwa yamemtoka kwa kutaka kujua.

Yule mzee wa shingo nene akaogelea kutoka katikati. Wengine wakampisha. Akaja mpaka karibu na kibanda, akasimama, akayatazama matete kwa jicho la kulia, akageuza kichwa akayatazama kwa la kushoto. Kisha akatoa sauti moja, fupi, ya chini. Namna ile ile waliyowaitikia wale waliochelewa.

Golandam akafungua mdomo kumjibu.

Nikamziba kwa mkono wa koti. Nilimkandamiza kwa nguvu zangu zote, naye ananisukuma, na wote wawili hatutoi hata mlio. Mzee wa shingo nene alingoja jibu. Hakulipata. Akatia kichwa majini, akaibuka na kitu, akakimeza, akageuka na kurudi kwake. Yule aliyeanza kutikisa kichwa akatikisa tena mara moja, hakuna aliyemwitikia, akaacha. Kweli alinuna.

Nikamwachia wifi yangu apumue.

"Unaona?" akaninong'oneza, anahema. "Amedhani nimechelewa njiani."

Hapo nikakumbuka bata. Nikageukia mferejini. Bata wetu walikuwamo wote, wanakula mpunga, na bata mwitu wamejaa humo mpaka wanapandana. Kamba ya wavu ilikuwa imelala chini. Mashdi Zolfaqar alikuwa amebandika uso wake wote tunduni, mikono mitupu, ananong'ona peke yake, "Aliitika. Wallahi aliitika." Nilipomgusa bega na kumwonyesha, bata mwitu walikuwa wameshamaliza mpunga na wanaondoka zao, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye karamu.

Nje ya matete wanaume walikuwa wamejaa. Walikuwa wameambiwa wapumzike, lakini nani atapumzika siku kama hiyo? Heshmat alikuwa mbele, unga kwenye nyusi. Ukelele waliusikia mpaka darajani.

"Wameruka?" akauliza.

"Unaona kitu angani?" Mashdi akamjibu.

"Na bata walikuja?"

"Walikuja."

"Basi umekamata wangapi?"

Mashdi akalisogeza kopo la moshi kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Kamba ililowa," akasema.

Mimi nilitazama chini. Kufuli aliyokuwa anaitafuta Mashdi, siku hiyo aliiona.

Akaamua palepale, mbele ya wote. Nafasi ni ya nyumba ya Esfandiyar, maana bata wake wanasikia. Wanasikia nini, hilo halimhusu mtu. Mwenye kuwaita ndiye atakayeingia nao, pamoja na Nosrat kwa ajili ya heshima, katika zamu ambazo wanaume wengine hawapo. Na kazi ya Golandam itakuwa kuwarudisha bata kwenye mluzi kidogo kidogo, aupunguze ukelele siku kwa siku mpaka uwe mwembamba kama mluzi. Siku watakapousikia mluzi wenyewe, Esfandiyar atarudi kibandani kwake, na wanawake watarudi kwenye beseni.

Heshmat akasema ni haki. Kaka yangu akasema Alhamdulillahi, akakohoa.

Majira yale yalipita. Batamaji waliondoka kabla tu ya Nairuzi, wote asubuhi moja, na sisi tuliona vichwa vikitikisika, safari hii wakakubaliana wote. Bata walikuwa bado hawajajua mluzi. Mwaka uliofuata Golandam aliwafundisha tena, nami nilikuwapo nashuhudia. Ukelele ulipungua, siwezi kumsingizia. Sasa anawaita kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Lakini mluzi, hapana. Kaka akipiga mluzi, wanamtazama. Bata wengine wamezeeka, wametotoa, na watoto wao wako kwa mwalimu yuleyule. Esfandiyar amekuwa hodari wa kunyonyoa. Mama anasema mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Majuzi Mashdi alitukuta njiani tunatoka mtegoni. Sasa anatembea kwa fimbo, na kibandani anakuja kwenye zamu yetu tu.

"Mwalimu," akamwambia Golandam, "wanafunzi wanaendeleaje na mluzi?"

"Wazito, Mashdi. Wazito sana."

Mzee akapepesa macho kuelekea kwenye matete, ambako walikuwa wanaitana.

"Usiwaharakishe," akasema.